Miti Iliyofukiwa Hadi Kiunoni

Burrandool
3 Septemba 1961

Mwanangu Lachlan,

Hizo pesa zenu zimefika masikioni mwetu kabla hazijafika benki. Mwenyekiti Perce Hallam alitutangazia kwenye ukumbi wa halmashauri, amevaa ile tai yake ya harusi, na watu wakapiga makofi mpaka mbwa wa Vera Quilty akakimbilia nje. Serikali ya jimbo itatujengea tuta kando ya mto, mji utatoa malori na mikono ya watu, na mto Wirrin hautaingia tena jikoni kwangu. Nami nilipiga makofi. Nimeshakokota tope la mafuriko nje ya nyumba hii mara mbili na sina hamu ya mara ya tatu.

Halafu akabandika mchoro ukutani. Nikavaa miwani. Mstari mwekundu unapita juu ya Njia ya Kumbukumbu, juu ya miti ya askari wetu waliokufa vitani, mwanzo mpaka mwisho.

Nikamuuliza, "Na miti yetu je?"

Akajikuna shingo. "Itabidi ing'olewe, Win. Ndivyo walivyochora huko Sydney."

"Nani huko Sydney?"

"Unaniuliza mimi? Si mwanao?"

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lachlan, wewe ndiye uliyeshika ndoo siku tuliyoupanda mti wa kaka yako. Vera ana kaburi la mumewe, hata kama liko ng'ambo, na ana picha yake. Clive alizama na meli yake, na hakuna mtu duniani anayeweza kunionyesha alipolala. Nilicho nacho ni ule mti. Kila Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka askari wetu, kila familia husimama chini ya mti wake, na mimi husimama chini ya wangu, na kwa muda ule mfupi ninakuwa mama wa watoto wawili. Usininyang'anye.

Uhamishe huo mstari. Karatasi ni yako na penseli ni yako.

Mama

Bado unakula vyakula vya kopo? Mwanamume wa umri wako anatakiwa awe na mtu wa kumgombeza mezani.


Sydney
19 Septemba 1961

Mama mpendwa,

Laiti ingekuwa penseli tu. Mbele ya miti kuna mto, nyuma ya miti kuna nyumba, ya kwako ikiwa ya kwanza. Hakuna pengine pa kupitisha tuta. Pesa zenyewe zimetoka kwa masharti: kazi iishe kabla ya uchaguzi, la sivyo zinapelekwa mji mwingine, na foleni ya miji inayozitaka ni ndefu.

Nimefikiria kuiacha miti isimame ndani ya tuta. Haiwezekani. Ukiufukia mti shina, unakosa pumzi, unakufa polepole. Ukishakufa, mizizi inaoza, na kila mzizi uliooza unaacha bomba ndani ya udongo. Mto ukijaa, maji yanaipata hiyo njia. Siyo mambo ya kukisia, Mama, nimeona tuta likifunguka kwa sababu hiyo hiyo.

Tutachukua vibao vyote vya shaba na kuvijengea ukuta mzuri. Jina la Clive nitalisimamia mwenyewe.

Tafadhali usinifanye nichague.

Lachlan


Burrandool
1 Oktoba 1961

Lachlan,

Ukuta ni wa kuegesha baiskeli.

Leta tingatinga lako. Nitatoka na kiti changu cha jikoni na birika la chai, nikae chini ya mti, na Vera atakaa chini ya wake, na Perce naye, maana amejaribu kujifanya mkubwa wa mji lakini mti wa mdogo wake uko palepale karibu na wangu. Waziri akija na wapiga picha atatukuta.

Clive nisingemwomba jambo mara mbili.

Mama


Sydney
11 Novemba 1961

Mama,

Hayo maneno ya mwisho yamenikaa kooni mwezi mzima. Lakini umeshinda.

Nimechora upya. Tuta litapita kwenye Njia ya Kumbukumbu na miti itabaki imesimama ndani yake. Mkuu wangu alikataa kutia sahihi. Alisema, "Ukilitaka hili, liwe lako." Kwa hiyo chini ya mchoro kuna jina moja tu, langu. Usimwambie Perce. Sitaki watu wa Burrandool walale na wasiwasi.

Sasa nisikilize kama mhandisi, siyo kama mtoto wako. Mti wowote ukionyesha dalili ya kufa, ukatwe mara moja, mizizi ichimbuliwe yote, na shimo lishindiliwe udongo wa mfinyanzi. Bila kulia, bila kikao. Na angalia upande wa nyumba, chini ya tuta. Maji safi yakichuruzika pale, niandikie siku hiyo hiyo. Yakitoka na tope, usiandike. Toka nyumbani.

Niahidi.

Lachlan


Burrandool
17 Juni 1962

Mwanangu,

Nimekuahidi tayari, na nakuahidi tena.

Ungekuja, ungecheka. Waziri alifika na mkasi wa dhahabu ambao haukukata hata uzi. Perce akatoa kisu chake cha mfukoni, kile anachomenyea machungwa, na ndicho kilichofungua tuta la serikali. Hotuba ilikuwa ndefu, mvua ikaanza, skoni zangu za chai zikalowa. Waziri alikula mbili hivyo hivyo na kuziita nzuri, kwa hiyo najua ni mtu wa kusema lolote.

Kazi tuliifanya kwa Jumamosi zetu, kama tulivyojenga ukumbi na bwawa la kuogelea. Kila familia ilijaza udongo kuzunguka mti wake yenyewe. Niliusogeza kwa koleo langu, sikutaka mgeni aumwage. Miti imefukiwa hadi kiunoni na inaonekana mifupi. Nilizoea kuinua uso kusoma jina la Clive. Sasa kibao kiko usawa wa magoti yangu.

Halmashauri imeamua kila familia iwe mlinzi wa mti wake na kipande chake cha tuta, na imwarifu Perce kukiwa na kasoro. Perce alisema, "Nani aujuaye mti kuliko mwenyewe?" Tukampigia makofi. Pesa za awamu ya mwisho zitakuja ninyi mkisharidhika na tuta.

Asante, mwanangu. Sijasema vya kutosha.

Mama


Burrandool
20 Januari 1963

Nance mdogo wangu,

Huko Hobart mna baridi hata kiangazi, heri yenu. Hapa tunaungua. Nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwandikia Lachlan.

Mti wa Clive umeanza kuwa wa manjano juu. Nilijiambia ni joto. Nikaanza kuumwagilia asubuhi mapema kabla mji haujaamka, ndoo baada ya ndoo. Jumatano nikapanda tuta na ndoo yangu na nani nikakutana naye? Perce Hallam, mwenyekiti wa halmashauri, amevaa pajama na buti, na ndoo mkononi.

"Habari za asubuhi, Win."

"Nzuri, Perce. Unatembea?"

"Natembea. Na wewe?"

"Natembea."

Tukasimama pale na ndoo zetu zinavuja. Mbele kidogo Vera Quilty alikuwa anasukuma pipa zima kwenye kigari cha mtoto. Alipotuona akajitia hamnazo, akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, Nance. Nilipofika nyumbani nikaacha kucheka. Maana kama sote tunamwagilia, basi miti yote inakufa. Na hakuna aliyemwarifu mtu, kwa sababu wa kuarifiwa ni Perce.

Usimwandikie Lachlan. Nakusihi.

Win


Sydney
8 Februari 1963

Mama mpendwa,

Awamu ya mwisho ya pesa iko mezani kwangu. Perce ameleta taarifa kwamba miti yote ni mizima. Yote, Mama? Baada ya kiangazi kama hiki? Hata miti ya bustani ya hapa Sydney, ambayo haijafukiwa, imechoka.

Mkuu wangu aliisoma, akanirudishia. Hajasahau jina lililo chini ya mchoro.

Kwa Perce sina imani sana, anataka sifa. Nakuuliza wewe. Mti wa Clive ukoje?

Lachlan


Burrandool
14 Februari 1963

Mwanangu,

Mzima. Umepukutisha majani kidogo kwa joto, kama mimi ninavyopukutisha nywele. Mvua ikija utachipua.

Nimehamisha banda la kuku, lile la zamani lilikuwa karibu mno na tuta na kuku hawakulipenda. Vera anakusalimia na kukuuliza kama bado hujapata mke, ana mpwa wa kike anayejua kushona. Nilimwambia mwanangu ameoa matuta.

Zitoe hizo pesa. Watu wanazisubiri.

Mama


Hobart
2 Machi 1963

Win,

Nimekaa kimya wiki kadhaa nikidhani utajirudi. Sasa umeniandikia eti umemwambia mti ni mzima, na eti kuku "hawakulipenda" banda. Kuku gani hao wenye maoni? Kuna maji pale. Mimi nimekujua tangu unaficha sahani zilizovunjika chini ya godoro.

Mwambie. Siyo kesho.

Ninakupenda na nimekukasirikia.

Nance


Burrandool
10 Machi 1963

Nance,

Ndiyo, kuna maji. Yanachuruzika chini ya tuta, pale pale mti wa Clive ulipo, palipokuwa na banda. Ni safi kabisa, labda ni ya ndoo zetu yakipita kwenye mizizi. Niliyaonja. Majani yamekuwa mabichi pale wakati mji mzima ni mkavu, na vyura wameshahamia.

Usinione nimerukwa na akili. Nimepima. Nikisema, watakuja na misumeno, na siyo kwa mti wangu tu. Vera atanitazama vipi? Halafu watauliza nani aliruhusu miti kwenye tuta, na watakuta jina moja. Lachlan atafukuzwa kazi kwa sababu mama yake alileta kiti cha jikoni. Nikinyamaza, nawalinda wanangu wote wawili. Hivyo ndivyo ninavyojiambia asubuhi, na jioni siamini tena.

Nataka Siku ya Anzac moja tu. Nisimame chini yake mara ya mwisho, nimuage Clive vizuri, halafu nitamwambia Lachlan kila kitu, na nitaushika msumeno upande mmoja mwenyewe. Aprili ishirini na tano siyo mbali. Mto uko chini, unaweza kuuvuka kwa viatu.

Win


Sydney
4 Aprili 1963

Mama,

Mvua inanyesha huko milimani kwenye chanzo cha mto wenu na haionekani kuchoka. Kwenu itakuwa bado jua. Maji yatachukua siku kadhaa kufika, na yatakuwa mengi kuliko mliyowahi kuona.

Ofisi imenikubalia nije. Nitapanda treni ya Alhamisi, na lori la ofisi litafuata na mifuko ya mchanga. Vijana wa mji nitawatawanya kwenye sehemu dhaifu, kule darajani na nyuma ya kiwanda cha maziwa. Lori na mifuko nitaviweka sehemu moja iliyo imara katikati ya tuta, ili tuweze kukimbilia kote, na mimi nitakaa hapo. Kwenye ramani, katikati ni mti wa Clive.

Nahitaji jibu moja tu, kwa barua ya haraka. Chini ya mti wa Clive, upande wa nyumba, pakavu?

Niliogopa sana mwaka jana kuhusu uamuzi wangu. Lakini nimejituliza kwa hili: pale pa Clive pana macho yako, na macho yako nayaamini kuliko taarifa zote za halmashauri.

Andaa nyama ya kondoo. Nimechoka na kopo.

Lachlan


Burrandool
6 Aprili 1963

Mwanangu,

Pakavu.

Njoo ule.

Mama


Burrandool
10 Aprili 1963

Nance,

Mto umepanda tangu jana na una sauti. Posta inafungwa mchana kwa hiyo naandika mbio.

Asubuhi hii nilikwenda pale chini ya mti. Maji yamebadilika. Yana rangi ya chai ya maziwa.

Najua maana yake, usinieleze. Anafika kesho kwa treni. Nitakwenda kumpokea stesheni na mwavuli, nimlete nyumbani, nimpe chakula chake, na akimaliza kula nitamwambia kabla hajakanyaga tuta. Haya siyo mambo ya kuandika. Lazima anione usoni.

Nyama nimeshaiweka chumvi.

Win


Burrandool
20 Agosti 1963

Mpendwa Win,

Nance ameniruhusu kukuandikia huko Hobart. Nimeanza barua hii na kuichana zaidi ya mara moja, mimi ninayejua kuhutubia.

Watu wamekuwa wakikusimulia vipande vipande, na una haki ya kuyasikia yote kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Reli ilikatika usiku wa kuamkia Alhamisi ile, kwa hiyo Lachlan hakupanda treni, alikuja na lori. Aliingia mjini alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye tuta. Alinikuta kule darajani. Akaniuliza, "Perce, mti wa Clive uko salama?" Win, nilijua wa mdogo wangu ulikuwa umekufa. Nilijua na wako. Nilifungua mdomo, na kabla sijasema kitu akacheka, akanipiga begani. "Acha, mama ameniandikia. Pakavu." Nikafunga mdomo.

Aliwapeleka vijana wote kwenye sehemu alizoziita dhaifu. Hizo zote zimesimama mpaka leo. Yeye alibaki na lori pale kwenye mti wa Clive. Nikiwa darajani niliona mti ukianza kuinama polepole kuelekea nyumba yako, na yeye akaukimbilia, sijui kwa nini, akaweka mabega yake kana kwamba angeweza kuushikilia. Kisha hapakuwa na mti wala tuta.

Waliokuwa kwenye nyumba za nyuma yake walikimbia kwa sababu aliwapigia kelele. Hakuna mwingine tuliyempoteza. Nilitaka ulijue hilo.

Sasa la kiofisi. Serikali ya jimbo imetupa pesa mpya, zaidi ya zile. Tuta litajengwa upya na hakuna kitakachopandwa juu yake isipokuwa nyasi. Miti mipya tutaipanda juu ya kilima, karibu na shule. Wote tumekubaliana kwamba wa kwanza uwe wa Lachlan, na kibao cha shaba, hata kama hakuwa askari. Waziri amesema atakuja mwenyewe. Tunasubiri ruhusa yako na maneno unayotaka yaandikwe.

Sote tulikuwa na ndoo, Win.

Perce Hallam


Hobart
2 Septemba 1963

Perce,

Ulisema yote bila kujificha. Asante.

Nilikuwa stesheni. Hilo hukulijua. Mkuu wa stesheni aliniambia treni haiji, nikamwambia mwanangu hajawahi kuchelewa, nikakaa kwenye benchi na mwavuli wake mapajani. Nyama ilikuwa ndani ya jiko na moto ulikuwa mdogo. Nilikuwa nikirudia maneno yangu kwa sauti ili nisikosee nitakapomwambia. Niliyarudia mpaka niliposikia kengele ya kanisa na watu wanakimbia.

Kwa muda mrefu nilimlilia mtoto ambaye sikuwa na kaburi lake. Sasa nina kaburi, Perce. Liko hapo kwenu, lina namba, na ninaogopa kulisogelea.

Vera ameniandikia kwamba hanilaumu. Mwambie anilaumu kidogo, itanisaidia.

Kuhusu mti, usiupande. Mti unataka mtu wa kuutunza, na umeona jinsi ninavyotunza. Waziri mwambie abaki kwake.

Lakini najua hamtaweza kukaa bila kibao, mji wetu haujui kunyamaza kwa namna nyingine. Basi andikeni jina lake, Lachlan Tulloch, na chini yake andikeni kwamba alimuuliza mama yake kama ni pakavu, na mama yake akamjibu.

Win